Maswali yenu kuhusu Thaddeus Stevens

Tangu niandike habari za Thaddeus Stevens, wakili na mbunge wa Pennsylvania aliyepigania kufutwa kwa utumwa Marekani, maswali yamenijia mengi. Leo najibu haya.

*Ni kweli alizaliwa na ulemavu?*

Kweli. Alizaliwa Danville, Vermont, mwaka 1792, mguu wake mmoja umepinda. Alichechemea maisha yake yote.

*Unamsifu, lakini mimi nimesoma kwamba aliwahi kumtetea mwenye watumwa. Vipi?*

Umesoma sawasawa, wala sitaki kulifunika jambo hilo. Mwaka 1821, akiwa wakili kijana mjini Gettysburg, alisimama upande wa bwana mmoja wa Maryland, jimbo jirani lililoruhusu utumwa, dhidi ya Charity Butler, mama aliyekuwa akidai uhuru wake na wa watoto wake wawili. Sheria ya Pennsylvania ilimpa uhuru mtumwa aliyewekwa huko zaidi ya miezi sita. Charity alikuwa amepelekwa huko na kurudishwa mara kadhaa. Upande wake ukasema jumlisheni siku zote. Stevens akashikilia kwamba siku hizo lazima ziwe mfululizo. Mahakama ikamkubalia, na mama yule na wanawe wakabaki watumwa. Kila nikiisoma kesi hii moyo unaniuma: uhuru wa watu watatu umepotea kwa hesabu ya siku!

Baadaye ujuzi uleule aliuelekeza upande wa pili. Mwaka 1851, watumwa waliotoroka walipopigana na waliokuja kuwakamata huko Christiana, Pennsylvania, Castner Hanway, Mzungu jirani aliyekataa kuwasaidia wakamataji, alishtakiwa kwa uhaini. Stevens alikuwa miongoni mwa mawakili wake, na Hanway akaachiwa huru.

*Kuna jambo alilowafanyia watoto wa maskini?*

Lipo. Mwaka 1835 wabunge wa jimbo walitaka kuifuta sheria ya shule za bure iliyopitishwa mwaka mmoja tu kabla. Hotuba yake iliwageuza, shule zikabaki.

*Alishindwa wapi?*

Kwenye ardhi. Marekebisho ya 13 ya Katiba, yaliyofuta utumwa mwaka 1865, aliyapigania yakapita. Lakini alipotaka mashamba makubwa ya waasi wa Kusini, yaani wa majimbo ya watumwa yaliyopigana vita kujitenga na Marekani, yachukuliwe, kila mwanamume aliyetoka utumwani apewe ekari 40, wenzake walikataa. Naamini hapo walikosea sana. Mtu huru asiye na shamba alirudi kulima kwa bwana yuleyule.

*Amezikwa wapi?*

Lancaster, Pennsylvania, alikokuwa na nyumba na ofisi yake ya uwakili. Alifariki Agosti 1868. Makaburi mengine mjini yalikuwa na masharti ya rangi, hivyo akachagua eneo dogo la pembeni lisilobagua maiti. Jiwe la kaburi linaeleza kwamba hakulala pale kwa kupenda upweke, bali aoneshe hata katika kifo usawa wa binadamu mbele ya Muumba wake. Maneno hayo aliyatunga mwenyewe.