Kwa mnaoanza kusoma historia ya malkia: niliyojifunza kwa Caroline wa Ansbach

Kiswahili chetu kina neno moja, malkia, kwa mwanamke anayekalia kiti cha enzi na kwa yule aliyeolewa na mfalme. Insha yangu ya kwanza chuoni ilikwama hapo. Niliandika kwamba Caroline wa Ansbach, mke wa George II, ndiye aliyeitawala Uingereza kuanzia 1727. Mwalimu akaandika pembeni: kwa sheria ipi? Sikuwa na jibu.

Nilikuwa nimemwamini mno Lord Hervey. Alikuwa mtumishi wa ikulu na rafiki wa malkia, na katika kumbukumbu zake Caroline ni mwerevu kila siku, mfalme ni mtu wa kuongozwa tu. Msomeni, maana alikuwamo chumbani, lakini kila anaposema malkia kaamua, tafuteni hati nyingine.

Hati zipo. Anzeni na fedha. George alipopata ufalme alitaka mwanasiasa Spencer Compton achukue nafasi ya Robert Walpole, waziri mkuu wa wakati huo. Compton alipendekeza malkia atengewe pauni 60,000 kwa mwaka iwapo atafiwa na mumewe. Walpole akasema 100,000, na Bunge likakubali. Walpole akabaki. Msiseme haraka kwamba malkia alinunuliwa: alimfahamu Walpole kabla ya hapo, na alijua nani ana kura Bungeni.

Kisha someni miaka ambayo mfalme alikuwa safarini Hannover, dola yake nyingine huko Ujerumani. Mara nne, 1729, 1732, 1735 na 1736, Caroline aliachiwa nchi kisheria, ingawa mrithi, Frederick, alikuwa mtu mzima. Hapo ndipo jibu la swali la mwalimu wangu lilipokuwa. Mwaka 1736 Kapteni John Porteous wa walinzi wa mji wa Edinburgh, Uskoti, alihukumiwa kifo baada ya askari wake kuwapiga watu risasi. Caroline aliahirisha kunyongwa kwake. Usiku wa 7 Septemba umati ulivunja gereza, ukamtoa, ukamnyonga wenyewe. Kwa tukio hilo moja mnaona mamlaka yake yalianzia wapi na yaliishia wapi.

Lakini linalonirudisha kwake kila mara ni ndui, na hilo lilitokea kabla hajawa malkia. Aliwahi kuugua ndui mwenyewe, 1707. Mwaka 1717 mumewe aligombana na baba yake, George I; wakafukuzwa ikulu, na mabinti zao watatu wakabakizwa kwa babu. Lady Mary Wortley Montagu, mke wa balozi wa Uingereza, aliporudi kutoka Uturuki na habari za kuchanja, yaani kumtia mtu mzima wa afya usaha wa ndui ili augue kidogo na apate kinga, Caroline aliunga mkono jaribio la 1721 kwa wafungwa sita wa gereza la Newgate, London, waliokuwa wamehukumiwa kifo, kwa ahadi ya msamaha. Wote walipona. Wakafuata watoto yatima. Sehemu hiyo inaniuma kila nikiifikia, na nawaomba msiiruke kwa kumpenda Caroline, kwani wafungwa na yatima hawakuwa na nafasi ya kukataa kama wengine.

Aprili 1722 mabinti zake wawili, Amelia wa miaka 10 na Caroline wa miaka 8, walichanjwa. Hata hapo ilibidi kwanza apate ruhusa ya mfalme, kwa kuwa watoto walikuwa bado mikononi mwa babu yao.