Samaki wa tangi wana akili, si njaa tu

Ndugu uliyeuliza kama samaki wako wanakufahamu au wanakimbilia kioo kwa njaa: njaa ipo, na akili ipo. Sisi wa Kigoma ushahidi tunao humu ziwani. Samaki aina ya Astatotilapia burtoni wa Ziwa Tanganyika walipimwa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, matokeo yakatoka 2007: dume akitazama wenzake wakipigana anapanga nani mbabe wa nani, hata kwa wawili ambao hajawahi kuwaona wakikutana. Hilo mimi linanistaajabisha kweli! Neolamprologus pulcher, samaki mwingine wa ziwa hili, naye humtambua jirani kwa alama za usoni. Tabia pia hutofautiana, huyu mkali, yule mwoga. Wawekee mawe ya kujificha, halafu watazame hata wakishashiba.