Wasomaji wanauliza: homa ya ini B na saratani ya ini

Nilipima afya ili nikafanye kazi Qatar, nikaangushwa na HBsAg. Sijawahi kuwa na macho ya njano wala kuumwa ubavu. Nimeambiwa mimi ni mbebaji tu. Nipuuze? (Msomaji, Mombasa)

Hiyo "tu" ndiyo inayowaponza watu. HBsAg ni ganda la kirusi cha homa ya ini B. Likionekana kwenye damu, kirusi kipo. Likionekana tena baada ya miezi 6, maambukizi ni sugu. Kukosa manjano si ajabu. Mtu mzima akiambukizwa anaweza kuugua sana, lakini kinga yake hukifukuza kirusi, na wasiofika 5 katika 100 ndio hubaki nacho. Kichanga akiambukizwa haonyeshi dalili, na takriban 90 katika 100 hubaki nacho. Huenda unacho tangu hujaota meno.

Omba vipimo hivi: ALT na AST (vimeng'enya vya ini), picha kamili ya damu ili chembe sahani, zile za kugandisha damu, zihesabiwe, wingi wa virusi (HBV DNA), VVU, homa ya ini C, na ultrasaundi ya tumbo. Majibu yakitoka, hesabu ya APRI, inayokadiria makovu ya ini, unaweza kuipiga mwenyewe. Gawanya AST yako kwa kikomo cha juu cha maabara, zidisha kwa 100, kisha gawanya kwa chembe sahani katika maelfu. Tuseme AST ni 56, kikomo ni 40 na chembe sahani ni 200: 56 kwa 40 ni 1.4, mara 100 ni 140, gawanya kwa 200 unapata 0.7. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2024 unasema mtu mzima anayezidi 0.5 aanze dawa. Aanze pia ambaye wingi wake wa virusi unazidi 2,000 (IU kwa mililita) huku ALT ikiwa juu ya kawaida, yaani 30 kwa mwanamume na 19 kwa mwanamke. Hapo pana mtego: karatasi nyingi za maabara huweka kikomo 40 au hata zaidi, kwa hiyo ALT ya 36 hurudi bila alama yoyote na mgonjwa anaambiwa yuko sawa.

Dawa yenyewe ni tenofovir miligramu 300, kidonge kimoja kila siku, baada ya kupima kreatinini ili figo zijulikane hali yake. VVU ipimwe kwanza, kwani mwenye VVU akimeza tenofovir peke yake anajijengea usugu wa dawa. Tenofovir hukizima kirusi, haikimalizi. Ukiiacha ghafla kirusi hulipuka upya na ini linaweza kushindwa kazi, kwa hiyo usisubiri kopo liishe ndipo ufuate jingine.

Kwetu baba na ami zangu wawili wamekufa kwa uvimbe wa ini kabla ya miaka 50. Wengine wanasema ni ya ukoo, wengine wanasema ni husuda. (Msomaji, Dodoma)

Mara nyingi kinachopita ukooni ni kirusi chenyewe: mama humpa mtoto wakati wa kuzaa, na ndugu huambukizana utotoni kwa vidonda, nyembe na miswaki. Kirusi hiki huweza kuishi nje ya mwili siku 7. Kula sahani moja hakuambukizi.

Kikiwa ndani ya ini, hufanya mambo mawili. Huliumiza ini kwa miaka mingi na kuliachia makovu, na pia hupachika vipande vya vinasaba vyake ndani ya vinasaba vya seli. Ndiyo maana saratani inaweza kutokea hata kwenye ini lisilo na makovu. Ushahidi mzito ulitoka Taiwan, ambako mwaka 1984 walianza kuwachanja vichanga. Saratani ya ini kwa watoto wa miaka 6 hadi 14 ilikuwa 0.70 kwa kila 100,000 kati ya 1981 na 1986. Kati ya 1990 na 1994 ilikuwa 0.36. Husuda haishuki kwa sindano.

Sumukuvu ya mahindi na karanga huongeza hatari ya saratani mara kadhaa kwa mwenye kirusi, na kuchemsha ugali hakuiondoi. Kabla ya kuhifadhi mahindi, tia punje na chumvi kavu kwenye chupa kavu, tikisa, acha dakika 15. Chumvi ikiganda pembeni mwa chupa, unyevu unazidi asilimia 15, rudisha juani. Salama ni chini ya 13.5.

Ninyi mliobaki pimeni HBsAg nyote. Atakayekutwa nayo, historia hiyo ya familia pekee inatosha kumwanzishia dawa, na afanye ultrasaundi na kipimo cha AFP (cha damu, cha kusaka saratani ya ini) kila miezi 6, asingoje kufika miaka 40. Uvimbe wa sentimita 2 unaweza kukatwa au kuunguzwa. Ukipapaswa kwa mkono, mara nyingi umeshachelewa.

Nina mimba ya miezi 5 na nimekutwa na kirusi. Ninyonyeshe? (Mama, Tanga)

Nyonyesha. La kupigania ni chanjo ya mtoto ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa. Ile ya pentavalenti (ya magonjwa matano, homa ya ini B ikiwemo) ya wiki ya 6, 10 na 14 haizibi pengo la siku ya kwanza, kwa hiyo uliza mapema kama hospitali utakayojifungulia inayo. Pima wingi wa virusi sasa. Ukifika 200,000, tenofovir angalau hadi kujifungua humkinga mtoto. Mpime mtoto akiwa na miezi 9 hadi 12.

Nina cheti cha njano. Si nimeshachanjwa? (Msomaji, Nairobi)

Hapana. Hicho ni cha homa ya manjano, ugonjwa wa mbu. Jina ndilo linalochanganya. Pima HBsAg kwanza. Ukiwa huna, chanjo ni sindano 3: leo, baada ya mwezi 1, na mwezi wa 6 tangu ya kwanza. Ichomwe begani, si kwenye kalio, kwani huko kinga haijengeki vizuri. Ukipitwa na ya pili huanzi upya. Endelea pale ulipoishia.