Maswali ya Wasomaji: Rubani Anajitajaje Redioni?

SWALI: Nilikodiwa na kampuni ya ujenzi kwenda kupima eneo, tukasafiri kwa ndege ndogo kutoka Tabora kuja Kigoma. Nilikaa kiti cha mbele, nikapewa hedifoni. Mwanzoni rubani alijiita kwa maneno matano: "Five Hotel Kilo Golf Mike". Tulipokaribia mji akawa "Five Golf Mike" tu. Kwa nini jina lilikatwa njiani, na kwa nini hasemi jina lake yeye mwenyewe?
*Msomaji, Mwanga, Kigoma*

JIBU: Redioni inayozungumza ni ndege, si mtu. Marubani hupokezana ndege, lakini usajili wa ndege haubadiliki kwa sababu aliyeshika usukani leo si yule wa jana. Kwa hiyo alama zilizochorwa ubavuni ndizo zinazosomwa hewani. (Alama za jibu hili ni za mfano tu.)

5H ni ya Tanzania katika mgawanyo wa Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU. Herufi tatu zinazofuata hutolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA. Ukisimama uwanjani utaziona chini ya bawa la kushoto kwa kimo kisichopungua sentimita 50, na ubavuni zisizopungua sentimita 30. Ndege ya Burundi utaijua kwa 9U, ya Zambia kwa 9J, ya Uganda kwa 5X na ya Kenya kwa 5Y. Angalia hiyo ya mwisho: kati ya Mkenya na Mtanzania kuna tofauti ya neno moja tu, "Yankee" na "Hotel". Ndiyo maana herufi hazisomwi kama darasani, bali kila moja ina neno lake: H ni Hotel, K ni Kilo. B, D, P na T zikipita kwenye redio yenye mkwaruzo ni kitu kimoja, ila Bravo, Delta, Papa na Tango hazifanani hata ukisikia nusu.

Sasa kufupisha. Kanuni ya kimataifa inaruhusu kubakiza alama ya kwanza na angalau mbili za mwisho, ndipo 5H-KGM ikawa "Five Golf Mike". Anaweza pia kutanguliza mtengenezaji, "Cessna Golf Mike". Lakini rubani hana ruhusa ya kujifupisha. Anajitaja kwa jina zima hadi mwongoza ndege amwite kwa ufupi, ndipo naye afuate.

Sababu utaiona ukiweka angani ndege mbili, 5H-KGM na 5H-TGM, zote zinaelekea Kigoma. Zikifupishwa zote ni "Five Golf Mike". Mmoja akiambiwa ashuke hadi futi 5,500, wote wawili wanashuka. Mwongoza ndege aliye mnarani anaziona mezani karatasi za taarifa za ndege zote mbili. Aliye angani anajijua yeye tu. Kwa hiyo rubani akisikia anaitwa tena kwa jina zima baada ya kuzoea fupi, arudie zima bila kuuliza. Huenda kuna pacha wake karibu.

Ndege za ratiba ni habari nyingine. Hizo hutumia jina la shirika na namba ya safari, na hazifupishwi kabisa. Za Air Tanzania hujiita "Tanzania" kisha namba, nalo ni jina linalowachanganya wageni wakidhani nchi nzima inaomba kutua.

SWALI: Najifunza urubani. Mwalimu ananiambia "unameza jina", na nikishaitikiwa napoteza mpangilio wa maneno. Nianze na nini, nimalize na nini?
*Mwanafunzi, Tabora*

JIBU: Kumeza jina mara nyingi ni kosa la kidole. Unabonyeza kitufe na kusema kwa wakati mmoja, redio haijawaka bado upande wa kutuma, na "Five" inapotea. Mnara unasikia "Hotel Kilo Golf Mike" na kubaki unajiuliza ni nani. Bonyeza, hesabu moja kimoyomoyo, ndipo useme. Ukimaliza, hesabu tena kabla ya kuachia. Kipaza sauti kikae sentimita mbili au tatu kutoka mdomoni, na mwendo usizidi maneno 100 kwa dakika. Kabla ya yote hayo, sikiliza kwanza. Wawili wakibonyeza pamoja hakuna anayeeleweka, ni mluzi tu.

Wito wa kwanza ni mfupi: jina la unayemwita, halafu lako. "Kigoma Tower, Five Hotel Kilo Golf Mike." Nyamaza. Akikuruhusu uendelee, mpe aina ya ndege, ulikotoka, mahali ulipo, kimo, unachotaka na saa ya kufika. Kwa mfano Cessna 206 kutoka Tabora, juu ya Uvinza, futi 8,500, kwa ajili ya kutua. Tarakimu 5 na 9 husomwa "fife" na "niner", na namba hutajwa tarakimu moja moja, isipokuwa mamia na maelfu kamili kama ya kimo.

Kwenye saa ndipo wanafunzi wetu huteleza. Saa nne na robo asubuhi ya nyumbani ni 10:15 kwenye simu, na ni 07:15 redioni, kwa sababu anga lote hutumia UTC, yaani saa moja ya pamoja ya dunia nzima. Andika saa ya UTC kwenye karatasi iliyo pajani kabla ya kuruka, usiipige hesabu ukiwa angani.

Ukipewa maagizo, geuza mpangilio: rudia agizo, jina lako liwe la mwisho. Ruhusa ya kuruka, kutua, kuvuka au kusubiri kabla ya njia ya kurukia, QNH (kipimo cha shinikizo la hewa cha kurekebishia kipima kimo), kimo, uelekeo na namba ya transponda (kifaa kinachoitambulisha ndege kwenye rada), vyote hurudiwa neno kwa neno. "Roger", yaani "nimepokea", peke yake haitoshi. Haimwonyeshi mwongoza ndege kama umesikia 5,500 au 6,500.

SWALI: Huku kwetu kuna kiwanja cha vumbi kisicho na mnara. Rubani anamwita nani?
*Msomaji, Buhingu*

JIBU: Anawaambia marubani wenzake. Anataja jina la kiwanja, jina zima la ndege, mahali na kimo, anachokusudia, kisha jina la kiwanja tena, kwa kuwa mwanzo wa maneno hupotea. Asitegemee Kigoma kumsikia akiwa chini. Redio hizi husafiri kwa mstari wa moja kwa moja: umbali kwa maili za baharini ni takriban 1.23 mara kipeuo cha pili cha kimo kwa futi. Futi 1,000 juu ya ardhi tambarare hukupa maili 39 hivi, futi 4,000 maili 78. Hesabu hiyo haijui milima, na Mahale inapanda hadi mita 2,462. Ripoti ya mwisho kwa Kigoma itolewe kabla ya kushuka nyuma yake.

SWALI: Redio ikifa kabisa je?
*Msomaji, Kasulu*

JIBU: Rubani huweka 7600 kwenye transponda, kisha huangalia taa ya mnara. Akiwa angani, kijani isiyomemeta ni ruhusa ya kutua. Nyekundu isiyomemeta, mpishe mwingine na uendelee kuzunguka. Nyekundu inayomemeta, uwanja si salama, usitue. Mchana hujibu kwa kutikisa mabawa. Usiku huwasha na kuzima taa za kutua mara mbili.