Kanda za Jukwaani Haziuzwi, Mdogo Wangu

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Majengo, Moshi, aliniandikia: "Shikamoo kaka. Nimeambiwa una rekodi za Rory Gallagher za jukwaani, nyingi tu. Unauzaje moja?" Nilikuwa kwenye daladala natoka Kijenge. Nikasoma, nikairudisha simu mfukoni. Siku hiyo sikumjibu, wala kesho yake. Kijana hana kosa, na salamu alinipa kwa adabu, ila hilo "unauzaje" lilinitonesha kidonda. Leo namjibu mbele yenu wote, maana najua mko wengi mnaotamani kukusanya na kubadilishana kanda kama sisi, na sipendi mpite nilikopita mimi.

Kwa asiyemfahamu, Rory alikuwa mpiga gitaa na mwimbaji, alizaliwa mwaka 1948 Ballyshannon, Ayalandi, akakulia Cork. Mwaka 1963, akiwa na miaka 15, alichukua kwa mkopo gitaa aina ya Fender Stratocaster la karibu pauni 100, akalikung'uta miaka yote hiyo mpaka jasho lake likabandua rangi, ubao ukabaki mtupu. Aliongoza kundi la Taste hadi lilipovunjika mwishoni mwa 1970, kisha akasimama kwa jina lake mwenyewe mpaka alipofariki London, tarehe 14 Juni 1995, baada ya kupandikizwa ini. Alikuwa na miaka 47. Oktoba 2024 gitaa lile lilipigwa mnada kwa zaidi ya pauni 800,000, na aliyelinunua akalitoa kwa makumbusho ya taifa ya Ayalandi. Nilipopata habari hiyo nilifurahi kama vile limerudi nyumbani kwetu.

Rory hakupenda habari za kutoa wimbo mmoja mmoja wa kuchezwa redioni. Alikuwa mtu wa jukwaa. Wimbo aliourekodi studio kwa dakika nne, jukwaani unaweza kuukuta umefika kumi, na katikati kuna kipande cha solo ambacho hakukipiga kabla wala baada ya usiku huo. Hiyo ndiyo sababu tunahangaika na kanda.

Mimi nilianza mwaka 1996, nikiwa kidato cha pili hapa Arusha. Mwalimu wa kujitolea kutoka Ayalandi alikuwa anarudi kwao, akaniachia redio kaseti na kanda saba. Sita zilikuwa na majalada yake. Ya saba ilikuwa na karatasi nyeupe tu, imeandikwa kwa penseli: "Rory, 79". Hakuna mji, hakuna tarehe. Nilipoiweka, sauti ilitoka kama mtu anaimba kajifunika blanketi, lakini chini ya blanketi hilo nilisikia watu wakipiga makofi kwa mpigo mmoja, mtu akipiga mluzi karibu kabisa na kinasa sauti, halafu gitaa likaingia. Upande wa kwanza ukaisha katikati ya solo, dakika 45 zilipotimia. Ule mkato ninaujua mpaka leo. Nikiusikia wimbo huo popote, masikio yangu yanasubiri ukatike palepale.

Nilimpelekea kanda fundi redio mmoja wa Kaloleni, mzee ambaye sasa ni kama baba kwangu. Alisikiliza kidogo, akatoa bisibisi nyembamba, akaitafuta skrubu ndogo iliyo pembeni ya hedi, kile kichuma kinachoisoma kanda, akaizungusha robo mzunguko huku kanda inacheza. Lile blanketi likaondoka. Matoazi ya drams yakasikika, na nyuma ya gitaa kukatokea kinanda ambacho sikujua kama kipo. Nilisimama pale kibandani na sare ya shule, machozi yananitoka. Fundi akaniambia, "Kila kanda inataka hedi isimame kama ilivyosimama siku iliporekodiwa. Wewe ulikuwa unasikiliza kosa la mashine."

Basi huo ndio ushauri wangu wa kwanza: usiihukumu kanda kabla hujaitengenezea mashine.

Kile kinanda ndicho kilichonipa jambo ninalojivunia kuliko yote. Kwa miaka mingi niliamini ile penseli, kwamba ni mwaka 1979. Mwaka 2004 nilianza kwenda kwenye kafe ya intaneti karibu na Mnara wa Saa, nikawa nasoma habari za Rory saa nzima nzima badala ya kutafuta kazi. Nikajua kwamba mpiga kinanda wake, Lou Martin, aliingia mwaka 1972 na kuondoka 1978, pamoja na mpiga drams Rod de'Ath. Baada ya hapo Rory alirudi kwenye kundi la watu watatu tu: yeye, Gerry McAvoy kwenye besi na Ted McKenna kwenye drams. Sasa kama kinanda kipo, mwaka 1979 unatoka wapi? Tena ndani ya kanda ile kuna Moonchild, wimbo wa albamu ya mwaka 1976. Wimbo peke yake si ushahidi kamili, kwa sababu mwanamuziki anaweza kuupiga jukwaani kabla hajautoa. Lakini ukiweka wimbo na kinanda pamoja, kanda inaangukia kati ya 1976 na 1978. Niliwaeleza wenzangu Jumamosi moja kibandani kwa Fundi. Walibisha mpaka jua likazama. Mwishowe Fundi alichukua kalamu, akafuta "79" kwenye nakala yake, akaandika niliyoyasema mimi. Mimi, kijana niliyeishia kidato cha nne bila cheti kizuri, nilikuwa nimesahihisha historia ya mtu wa Ayalandi kwa masikio yangu. Vijana, sikilizeni kabla hamjabishana. Mtu anakuja na maneno mengi kuhusu Rory na ukimwuliza nani anapiga drams hapo, hajui.

Ubishi wetu mkubwa lakini ni ule wa Rotterdam. Januari 1975 The Rolling Stones, kundi kubwa la Uingereza, walikuwa wameondokewa na mpiga gitaa wao Mick Taylor, wakamwita Rory, akaenda Rotterdam akapiga nao siku chache. Halafu akaondoka, kwa sababu alikuwa na ziara yake Japani na watu walikuwa wanamsubiri. Rafiki yangu mmoja wa Sakina husema ule ulikuwa upotevu wa bahati, kwamba mtu hawezi kuitwa na tajiri akaondoka. Mimi nasema hivi: mwaka mmoja kabla yake, mtu huyuhuyu alikwenda kupiga Belfast wakati mabomu yanalipuka na wanamuziki wengi wanaukwepa mji ule, na albamu yake ya ziara ya 1974 imetokana na maonyesho ya Belfast, Dublin na Cork. Mtu wa namna hiyo hawezi kuwaacha waliokwisha kukata tiketi. Nimebishania jambo hili miaka 20 na sijabadilika hata chembe. Kazi yake haikupungua kwa kukataa kusimama pembeni ya mtu mwingine.

Sasa kidonda.

Mwaka 2009 nilikuwa na rafiki ambaye nilimwita kaka, na mama yangu alimwita mwanangu. Alikuwa na vifaa vya kurekodi, akaniomba ile kanda asilia aihamishie kwenye kompyuta. Nilimpa kwa mkono wangu. Miezi mitatu baadaye nikakuta sidii zinauzwa mjini, jalada lina picha ya Rory na chini yake jina la rafiki yangu, kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa ukumbini na kinasa sauti. Nilipomfuata akaniambia nisiwe mtoto, muziki ni biashara. Nikamwomba basi anirudishie kanda. Akasema deki iliimeza, ameitupa. Sikujibu kitu. Nilitembea kwa miguu mpaka nyumbani, na hadi leo hatujasalimiana.

Kilichofuata ni kosa langu mimi, na nalisema ili mlikwepe. Niliufunga moyo. Kabla ya hapo nilikuwa natoa. Nilikuwa natuma nakala Moshi kwa basi, natuma Tanga, na ukinitumia sidii tupu pamoja na nauli ya mzigo nakujazia bila kudai shilingi. Baada ya hapo miaka kumi nzima sikumpa mtu hata dakika moja. Rekodi zilifika 100 na zaidi, zote kwenye diski moja, ndani ya kabati, nimefunga kwa ufunguo. Dada mmoja wa Soweto, Moshi, ambaye zamani nilimpa 14, aliniomba nyingine kwa upole mara mbili. Nilimjibu vibaya. Mwaka 2019 umeme ukakatika usiku, ukarudi kwa kishindo, diski ikatoa mlio kama wa kijiko kwenye glasi, ikafa. Niliipeleka kwa mafundi wanne. Hakuna kilichotoka.

Yule dada alisikia. Hakuniambia neno la kunisuta. Alipanda kosta asubuhi, akaja Arusha na zile 14, na kila moja ilikuwa na karatasi yake, amenakili kwa mwandiko wake kila nilichoandika mimi: mji, ukumbi, mwaka, imetoka kwenye kanda ya ngapi. Moja ya zile 14 ndiyo nakala ya kanda yangu ya penseli. Ninayo leo kwa sababu niliitoa kabla sijawa mchoyo.

Kwa hiyo mdogo wangu, usiniulize bei. Toa nakala. Toa mapema, toa kabla hujaombwa. Iliyotolewa rasmi na familia yake nenda kanunue, hiyo hatubadilishani, ni haki yao. Sisi tunahangaika na ambazo hazijawahi kutolewa, na hizo hazina bei. Ukipokea, andika historia yake: ilirekodiwa redioni au na mtu aliyekaa ukumbini, imenakiliwa mara ngapi, nani kakupa. Kanda ikinakiliwa kwenye kanda, mchakacho unaongezeka na sauti za juu zinapungua, kila mara, kwa hiyo ni lazima ujue umeshika ya ngapi. Ukiingiza kwenye kompyuta, hifadhi kwa FLAC, aina ya faili la sauti isiyotupa chochote. MP3 inatupa sehemu ya sauti na ukishatupa hairudi. Wengi mnanitumia MP3 mliyoigeuza tena kuwa FLAC mkidhani mmeitibu. Hamjaitibu, mmeificha, na atakayeipokea baada yenu mmemdanganya. Nimeshaliona hili mara nyingi na linaniuma. Weka nakala mbili, tena kwenye nyumba mbili. Nyumba mbili, nasema, siyo droo mbili.

Na ukiwa na subira, kanda itakulipa. Mwaka jana, usiku wa baridi ya Julai, nilikuwa narekebisha rekodi moja ya Ujerumani niliyopewa na mwenzetu. Gitaa lilikuwa linalia juu kidogo, linasumbua sikio. Fundi alinifundisha kutafuta mngurumo wa umeme ulio chini kabisa ya muziki. Ulaya umeme ni hezi 50, kama wetu. Nilipopima kwa programu nikakuta 52. Maana yake kanda ilikuwa inakimbia kwa asilimia nne. Nikairudisha hadi 50, na sauti ya Rory ikashuka, ikawa ya mtu mzima aliyechoka, yenye mikwaruzo yake. Nilimpigia Fundi saa saba usiku. Mzee wa watu akaamka, akaniambia nimwekee simu karibu na spika.

Mnajua kwa nini nawasisitiza hivi? Wilson Kinyonga na ndugu yake walitoka Tanga wakaja hapahapa Arusha mwaka 1970, wakapiga na Arusha Jazz, kisha wakaenda Kenya na dunia ikawajua kama Simba Wanyika. Katika kumbi za mji huu watu walicheza mpaka asubuhi. Nimetafuta miaka 20 kanda moja tu ya usiku mmoja wa enzi zile, ya ukumbini, yenye makofi na watu wakiitana, nimewauliza wazee wa Ngarenaro, Kaloleni, hata Usa River. Sijaikuta. Wazee wawili waliniambia walikuwa nayo, wakaificha isiibwe, ikaoza na unyevunyevu ndani ya sanduku. Ya Mwayalandi tunayo kwa sababu watu wake walipeana.

Kijana wa Majengo, nunua flashi ya giga 64, uifunge kwenye bahasha ngumu, andika jina langu na namba yangu, unayo. Mpe kondakta wa basi la asubuhi siku ya Jumamosi, nitaipokea stendi nikienda kwa Fundi. Nitakuwekea 14 zile za dada yetu kwanza, na karatasi zake. Zikikufika, umnakilie mwenzako mmoja wa Moshi kabla ya Jumamosi inayofuata, kisha uniandikie jina lake.