Angalau viwili: ni viwili tu, au kuanzia viwili?

Swali: Mimi ni mwalimu wa Hisabati. Katika jaribio la takwimu na uwezekano niliandika hivi: "Sarafu isiyopendelea upande inarushwa mara nne. Kuna uwezekano gani wa kupata angalau vichwa viwili?" Wapo waliojibu 6/16, wapo waliojibu 5/16, na wengine 11/16. Waliokosa wanalalamika kwamba swali halikueleweka. Je, "angalau" ni neno sahihi hapa, au ningeandika "walau" au "si chini ya"? Na hao waliokosa niwape alama?

Jibu: Neno ni sahihi, mwalimu. "Angalau" huweka kiwango cha chini, na kiwango chenyewe kimo ndani ya hesabu. Vichwa viwili hupatikana kwa njia 6, vitatu kwa njia 4, vinne kwa njia 1. Jumla 11 kati ya 16. Hata hivyo, nawaelewa wanafunzi wako, na sidhani kwamba wanatafuta kisingizio.

Sikiliza neno hili linavyosemwa nje ya darasa. "Nisaidie angalau kidogo." "Ungenipigia angalau mara moja." "Angalau umefika." Katika sentensi hizi hakuna anayehesabu. Msemaji alitamani kikubwa, amekikosa, sasa anaridhia kidogo. Anayesema "ungenipigia angalau mara moja" hana habari na mara mbili wala tatu. Mawazo yake yote yako kwenye ile moja. Mtoto aliyekua na matumizi hayo akikutana na "angalau vichwa viwili" anasikia "hata viwili tu vinatosha", naye anasimama palepale kwenye viwili. Ndiyo 6/16 hiyo. Aliyeandika 5/16 amekwenda upande wa pili: amesikia "zaidi ya viwili", akakiacha nje kiwango chenyewe.

"Walau" haitakuokoa. Asili yake ni Kiarabu, kwa maana ya "hata kama", na hali ile ya kuridhia imo ndani yake tangu huko ilikotoka. "Si chini ya" ni afadhali, ila ina udhaifu wake: "si" ni silabi moja iliyosimama peke yake, na msomaji mwenye saa ya mtihani mbele yake huiruka akabaki na "chini ya".

Mimi ningeandika "vichwa visivyopungua viwili". Hapa ukanushi umo tumboni mwa kitenzi, hauwezi kurukwa. Tena si msamiati mgeni: kila siku tunasoma kwamba watu wasiopungua 100 walihudhuria mkutano, na hakuna anayedhani kwamba walikuwa 100 kamili wala kwamba 100 haimo. Kikomo cha juu nacho kina mwenzake, "visivyozidi". Uangalie tu upatanisho: namba isiyopungua, siku zisizopungua, majibu yasiyozidi. Kwa wanafunzi wadogo, "viwili au zaidi" inatosha kabisa, na wala si lugha ya chini.

Sisemi uifute "angalau" darasani. Wataikuta mbele ya safari, kwa hiyo ifundishe. Ila ifundishe kabla ya kuipimia.

Kuna jambo jingine katika swali lako ambalo lugha peke yake hailitibu. Ukirusha mara nne kisha ukauliza kuhusu viwili, umesimama katikati kabisa. "Visivyopungua viwili" ni 11/16, na "visivyozidi viwili" pia ni 11/16! Mwanafunzi aliyeigeuza maana juu chini anapata jibu sawa na aliyeelewa. Ungeuliza kuhusu vitatu, wangetengana: visivyopungua vitatu ni 5/16, visivyozidi vitatu ni 15/16. Kabla ya kuliweka swali kwenye karatasi, lisome kwa kila maana mbovu unayoweza kuifikiria, ukokotoe kila jibu, uhakikishe kwamba hayafanani.

Kwa kuwa unatunga maswali ya aina hii, kuna maneno mengine ya kuyakagua.

"Au" ya mtaani mara nyingi huchagua kimoja: leo au kesho. "Au" ya hisabati inakubali vyote viwili kwa pamoja. Ukirusha dadu na kuuliza uwezekano wa kupata namba shufwa au namba kubwa kuliko 3, jibu unalolitaka ni 4/6, maana 2, 4, 5 na 6 zote zimo. Mwenye "au" ya mtaani anazitupa 4 na 6 kwa kuwa zina sifa zote mbili, anabaki na 2/6. Ongeza "au vyote viwili" umalize ubishi.

Katika njia za kuhesabu, kinachoniumiza zaidi ni kurudufu. "Wanafunzi wanne, chagua wawili" ni njia 6. "Wanafunzi wanne, wagawe wawili wawili" ni njia 3 tu, kwa sababu ukishamweka wa kwanza na mwenzake, waliobaki wamejipanga wenyewe. Neno moja likirudiwa, hesabu nzima inabadilika, na mpiga chapa au jicho lililochoka likidhani ni kosa la kurudia, swali limeharibika. Andika "jozi mbili" ikiwa una wasiwasi. Na "kupanga" usiiamini sana: kwako maana yake ni kuzingatia nani wa kwanza na nani wa pili, lakini kocha naye "hupanga kikosi" huku akichagua tu. Sema wazi kama mfuatano unahesabika.

Kwenye majedwali, jihadhari na "wanafunzi wote hawakufaulu". Hakuna aliyefaulu, au baadhi tu? Kuna "hakuna mwanafunzi aliyefaulu" na kuna "si wanafunzi wote waliofaulu". Chagua moja.

Na "wastani" ina shina la Kiarabu lenye maana ya katikati, ndiyo maana "mwanafunzi wa wastani" kwa wengi ni yule wa katikati ya darasa. Katika 2, 2, 3, 5, 18 wa katikati ni 3, ilhali wastani wa hesabu ni 6. Kila swali la wastani lingetaja jumla kugawanywa kwa idadi, angalau mara ya kwanza.

Sasa alama. Aliyeandika 6/16 na aliyeandika 5/16, kama njia zao zimeonyesha kuhesabu kulikonyooka, wape alama za njia, wakose ya jibu. Lakini zitoe tena karatasi za wale wa 11/16. Aliyejumlisha 6, 4 na 1 amepata. Aliyejumlisha 1, 4 na 6 akianzia kichwa sifuri, huyo alisoma kinyume, na tiki aliyonayo si yake.