Mstari wa asubuhi na mizani yangu ya Mgandini

Mdogo wangu uliyeleta mada, nimekusoma mara mbili. Unasema kila asubuhi simu inakuletea mstari mmoja wa Biblia na maelezo mafupi, unasoma, unasema amina, na ikifika saa nne hukumbuki hata ulitoka kitabu gani. Unauliza kama imani yako ndiyo imepungua au unasoma vibaya, na kama dakika kumi kwa siku zinatosha. Wengi hapo juu wamekujibu "omba zaidi". Sibishani nao. Mimi nitakusimulia yaliyonipata, maana huo ugonjwa nimeuugua miaka.

Mimi ni mama wa watoto watatu, Msambaa wa Lushoto, Mlutheri wa kuzaliwa, nimeolewa Tanga mjini. Nauza nafaka soko la Mgandini: mchele, maharage, choroko, kunde, na dagaa kidogo. Naamka kwa azana ya alfajiri ya msikiti wa jirani, tangu nihamie Ngamiani sijawahi kutega alamu. Zamani kabla ya kuwasha jiko nilikuwa nafungua simu kwanza. Nina makundi matatu: la kwaya, la jumuiya na la akina mama niliosoma nao. Kila kundi lina mtu wake wa kutupia mstari, na Yeremia 29:11, ile ya Mungu kutuwazia mawazo ya amani na kutupa tumaini, naweza kuipokea mara mbili kwa wiki, ua jekundu pembeni. Naandika Amina, naweka vile viganja viwili, narudi kwenye chapati.

Siku moja binti yangu, wakati huo yuko darasa la sita, akaniuliza, "Mama, leo wametuma neno gani?" Nusu saa haijapita tangu nijibu amina kwenye makundi yote matatu. Sikulikumbuka. Nikamwambia, "La upendo." Ndilo jibu la asiyejua, maana la upendo halikosekani.

Usidhani nadharau mstari mmoja mmoja. Hiyo ni desturi ya wazee. Kule Herrnhut, Ujerumani, Wamoraviani walianza mwaka 1728 kupelekeana neno la siku nyumba kwa nyumba, na kuanzia 1731 wanalichapa kitabu cha mwaka mzima. Mstari wa Agano la Kale hupatikana kwa kupiga kura mpaka leo. Kwa hiyo anayelalamika hapo juu kwamba simu inatupa maandiko kama bahati nasibu, ajue kura ni ya zamani kuliko simu. Ninachokiona mimi ni kwamba neno likiletwa mlangoni na mtu, unamkaribisha, mnaongea mawili matatu. Simu haina la kukuuliza.

Jambo jingine nilifumbuliwa na mwinjilisti wetu. Namba za mistari Paulo hakuziandika. Sura ziligawanywa karne ya 13, na namba za mistari ya Agano Jipya tunazozitumia zilitiwa na mpiga chapa Robert Estienne mwaka 1551. Paulo yeye aliandika barua. Sasa barua ikitoka nyumbani, ukasoma "tunakukumbuka sana", ukaikunja ukaiweka mfukoni, na mstari unaofuata unasema upepo umeezua bati la jikoni, hapo umesoma nini?

Nilianza kujipima na Wafilipi 4:13, niliyokuwa nimeibandika ukutani bandani: "Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu." Nilipopanda mstari mmoja juu nikakuta, "nimefundishwa kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa." Na Paulo anayeandika hayo yuko kifungoni. Yaani katika hayo mambo yote njaa nayo imo. Nilicheka peke yangu, maana mimi niliibandika nipate mtaji wa kuleta mchele lori zima. Yeremia 29:11 vilevile, ni barua kwa mateka wa Babeli, na mstari wa 10 unawaambia watarudishwa kwao miaka 70 ikitimia. Kama siku ile inasomwa wewe una miaka thelathini, piga hesabu mwenyewe. Tangu nimejua hivyo sijawahi kumtumia mtu anayesubiri majibu ya usaili.

Basi nikabadili utaratibu. Nachukua mstari mmoja kwa wiki, mara nyingi kutoka masomo ya Jumapili, mara nyingine nachagua mwenyewe. Jumatatu nasoma sura nzima, halafu naunakili ule mstari kwa mkono nyuma ya daftari la madeni. Ndilo daftari pekee ninalolifungua kila siku bila kukumbushwa. Wiki ya Baba Yetu ilinipa shida, maana mbele yamejaa majina na tarakimu, nyuma nimeandika "Utusamehe deni zetu, kama sisi nasi tuwasamehevyo wadeni wetu." Nilifuta deni la mtu mmoja tu, naye alishahama mji. Sijifanyi mtakatifu.

Wiki niliyoipenda kuliko zote ni ya Luka 5. Hapa lazima nikiri ujinga. Biblia yetu ya Union Version, ile ya mwaka 1952, ina Kiswahili cha pwani, na sisi wa milimani tuliisoma tukiokota tulichoelewa. Utotoni, nikisikia "Akaona vyombo viwili vimekaa kando ya ziwa", niliona sufuria mbili zimewekwa ukingoni zinasubiri kuoshwa. Na kwa kuwa hapohapo wavuvi wanaosha nyavu, picha ilinikaa sawa kabisa. Nilikuja kuzinduka Tanga, nimekwenda Deep Sea kununua dagaa, mtu akapiga kelele "chombo kinaingia!" watu wote wakageuka kutazama baharini. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu.

Shemeji yangu ni mvuvi wa dagaa. Wanatoka usiku wa giza na taa, mbalamwezi ikiwaka wanakaa pwani wanashona nyavu. Wiki ile nilimsomea kisa chote, Yesu anavyomwambia Petro azishushe tena nyavu, nikitegemea atashangaa samaki walivyojaa mpaka nyavu zikataka kukatika. Hakushangaa. Yeye alikwama mwanzoni kabisa, kwenye "wanaosha nyavu zao".

"Shemeji," akaniambia, "wavu ukishaoshwa, kazi imekwisha. Umekesha, hujapata kitu, una njaa, umetoa majani na uchafu wote umesafisha. Aje mtu akwambie urudishe majini? Tena mchana? Huyo tungemtukana."

Nilikuwa nimesikia mahubiri ya Luka 5 maisha yangu yote, na sikuwahi kuuona ule wavu safi. "Tumefanya kazi ya kuchosha usiku kucha, tusipate kitu; lakini kwa neno lako nitazishusha nyavu." Petro hakukubali tu kujaribu tena, alikubali kwenda kuosha mara ya pili. Hilo sikulipata kwenye maelezo yoyote ya simu, nililipata kwa mtu mwenye harufu ya dagaa kwa sababu siku ya tatu nilikuwa bado nipo kwenye mstari uleule.

Sasa nije kwenye lililonifanya niandike jibu refu hivi.

Kuna mtu aliniletea gunia la mchele la kilo 100. Nilipolipandisha kwenye mizani kubwa ya jirani nikakuta limepungua kilo tatu. Alikwishaondoka, na simu hapokei. Jumatatu ile nikachagua mstari wangu kwa hasira, nikamwandikia yeye hasa, kwa herufi kubwa: "Mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana, Bali vipimo vilivyo sawasawa humpendeza." Mithali 11:1. Nilijisikia vizuri sana. Ingekuwa ni mstari wa simu ungeishia hapo, mimi nimedhulumiwa, Mungu ameona, amina.

Jumanne alasiri mteja mmoja akabisha kwamba kilo yake haijatimia. Mizani yangu ilikuwa ya mshale, sahani juu, nimeinunua mkononi kwa mtu aliyekuwa anafunga biashara, ina miezi minne bandani. Kumnyamazisha, nikachukua paketi ya sukari ya kilo moja, haijafunguliwa, nikaiweka sahanini. Mshale ukapanda, ukafika kwenye moja, ukapita. Ulisimama kijistari kimoja mbele. Nikaweka paketi ya pili peke yake, vilevile. Ya tatu, vilevile. Nikatoa zote, mshale ukarudi kwenye sifuri, umetulia kama malaika.

Springi ilikuwa imechoka. Kijistari kimoja ni gramu hamsini, kwa hiyo niliyempimia kilo ameondoka na gramu kama 950. Nilimwongezea yule mteja, nikamwambia ni bahati mbaya, akaenda zake. Nikakaa kwenye kiti, nikafanya hesabu ambayo sikutaka kuifanya. Kwa siku nauza kilo kama arobaini, kwa hiyo kilo mbili zinabaki kwangu. Mchele wakati huo ulikuwa 2,500. Ni shilingi 5,000 kwa siku, kwa siku kama mia za kazi. Laki tano za watu, na nyingi zao ni za watu wanaonunua nusu na robo.

Nikajiambia nitaipeleka kwa fundi Jumamosi. Hebu ona ujanja wa moyo: Jumatano niliitumia. Nilisema wenzangu wanapima kwa kopo lililobonyezwa kitako, angalau mimi sikukusudia. Kila nikifungua daftari kuandika deni, lile andiko liko pale nyuma, kwa mwandiko wangu, kwa herufi kubwa nilizomwandikia mwingine. Alhamisi nilitaka kubadili mstari. Nakuambia kweli, nilifungua Zaburi nitafute wa faraja. Yakobo anasema msikiaji asiyetenda ni kama mtu aliyejitazama kwenye kioo akaenda zake akasahau alivyo. Mimi tatizo langu wiki ile lilikuwa kioo kinachokataa kuondoka mezani.

Ijumaa akaja bibi mmoja, mteja wangu wa siku zote, kilo mbili za mchele na nusu ya choroko. Nilimwamkia, nikampa kiti, nikamwambia kabla sijapima.

"Bibi, mizani yangu inapunja. Nimegundua juzi. Kila siku nimekuwa nikikupunguzia."

Akacheka. "Mwanangu, mimi nimejua toka mfungo. Nyumbani nina kibaba cha marehemu babu yako, nikifika napima tena."

"Sasa mbona ulikuwa unarudi?"

"Wewe unanipa kiti."

Halafu akaniambia kwao ipo sura nzima ya watu wanaopunja vipimo. Ni sura ya 83 ya Qur'ani, Al-Mutaffifin. Aliisema bila ukali wowote, kama anayenitajia duka jirani linauza kitu kilekile. Sikujua pa kuweka uso. (Kibaba, kwa vijana ambao hamjakiona, ni robo ya pishi, kipimo cha wazee. Hata Ufunuo 6:6 kwenye Union kimo, "Kibaba cha ngano kwa nusu rupia".)

Saa tisa nilifunga banda, nikaifunga mizani kwenye kerio ya baiskeli kwa mpira, nikaenda kwa fundi. Alibadili springi, na baadaye ikakaguliwa na Wakala wa Vipimo ikapigwa muhuri. Laki tano sikuwa nazo za kurudisha, wala majina yote siyajui. Zakayo alirudisha mara nne, lakini Zakayo alikuwa tajiri. Nilichofanya, kila mteja ninayemfahamu nilimpimia kilo sawasawa, halafu nikamwongezea konzi moja, mpaka mwaka ukaisha. Wengine niliwaeleza sababu, wengine nilishindwa. Wawili waliacha kuja. Bibi bado anapita kila Ijumaa. Akishakaa, anautazama mshale kwanza, ndipo anaitikia shikamoo yangu.

Basi, maswali yako. La imani siwezi kukujibu, sikujui. La dakika kumi, mimi siku nyingi ninazo tano, na nyingine zinaliwa na mtoto anayetafuta soksi. Zinanitosha kwa sababu siendi kutafuta neno jipya, narudi kwa lilelile la jana. Usijibu amina kabla hujafungua sura nzima, na mtafute mtu mmoja wa kumsomea, hasa mwenye kazi inayotajwa mle ndani: mvuvi, mkulima, mchunga mbuzi. Waulize wanaona nini. Ukiona Jumatano mstari umekuwa mchungu, usiubadili kama nilivyotaka kufanya mimi.

Wiki hii niko Zaburi 127:2, "Yeye humpa mpenzi wake usingizi." Na hapa ni saa sita kasoro usiku, naandika jukwaani, nyumba nzima imelala. Azana haitanisubiri. Mkiwa na swali nitajibu kesho nikishafunga banda.